POPOTE WALIPO: Tanzia kama Fani, na Mwenzangu wa Dawati Moja

Utangulizi

Katika muhula wa pili wa mwaka 2025 niliandika kazi ya semina kuhusu matangazo ya vifo. Nilikusanya tanzia kama ishirini hivi, nyingi zikiwa zimetumwa kwa simu na shangazi yangu anayeishi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nikazipa namba, nikazichambua fani na maudhui, nikakabidhi. Kazi ile ilisifiwa. Miezi miwili baadaye ndipo nilipofahamu kwamba tanzia namba 14 ilikuwa ya kijana niliyekaa naye dawati moja kwa miaka minne.

Makala haya, basi, ni uhakiki wa kazi yangu mwenyewe. Sikusudii kumlilia mtu hadharani, na jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyewe sijawaomba ruhusa. Ninalokusudia ni kuuliza swali la kihakiki: yawezekanaje mtu aisome matini neno kwa neno, aigawe mafungu, aueleze mtindo wake, na bado asitambue anaambiwa nini? Je, kasoro hiyo ni yangu peke yangu, au imo pia katika namna tulivyozoea kuhakiki sisi sote?

Neno "tanzia"

Neno hili lina nyumba mbili. Ukumbini Mlimani, tanzia ni utanzu wa tamthilia. Husomwa Mfalme Edipode wa Sophocles, iliyofasiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971, na Makbeth ambayo yeye huyo aliifasiri kabla ya hapo, mwaka 1968. Twaambiwa kwamba shujaa wa tanzia ni mtu wa hadhi, kwamba huanguka kwa kosa lake mwenyewe, na kwamba hadhira hutoka ukumbini na hofu na huruma. Nje ya ukumbi, tanzia ni tangazo la kifo. Wapo wanaoshikilia kwamba hili la pili lifaa kuitwa taazia, lakini mtaani watu hawana habari na ubishi huo. Ukisema "kuna tanzia", mtu huuliza, "Ya nani?"

Swali hilo la mtaani, "ya nani?", ndilo linalozitenganisha nyumba hizo mbili. Tanzia ya ukumbini humhusu mfalme. Tanzia ya mtaani haina mashariti ya hadhi: kila aliyezikwa anastahili yake, awe mwenye ghorofa au mbeba mizigo wa Shimoni. Kwa hiyo, kama ni usawa tunaoutafuta katika fasihi, na katika semina zetu tunapenda sana kuutafuta, fani hii ya mtaani imekwisha kututangulia.

Hata hivyo, kuna jambo moja linaloziunganisha. Aristotle alilitaja kuwa ni miongoni mwa nguzo za msuko wa tanzia: kutambua, yaani mtu kutoka katika kutojua akaingia katika kujua. Edipode anauliza mji mzima ni nani muuaji, na ishara zote anapewa. Hadhira imeshajua, yeye bado. Niliposoma tamthilia hiyo mwaka wa kwanza nilimwona mfalme yule kama mzembe wa akili. Siku hizi namwelewa zaidi kidogo.

Tanzia ilivyojengwa

Katika kazi yangu ya semina niliieleza tanzia kuwa na mafungu sita. Kwanza, mtoa tangazo, ambaye mara nyingi ni mzee wa ukoo pamoja na mtaa wake. Pili, uhusiano wake na marehemu, halafu jina. Tatu, sababu ya kifo, inayosemwa kwa maneno yaliyokwisha kuzoeleka, kama vile "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nne, mahali na saa ya mazishi. Tano, orodha ya wanaopelekewa habari. Sita, dua.

Nilieleza pia kwamba fani hii imehama. Kabla ya simu za mkononi, matangazo ya vifo yalisomwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na wazee wetu wanakumbuka nyumba nzima ilivyonyamazishwa saa ya matangazo hayo ilipofika. Leo tangazo huruka kutoka simu hadi simu, pengine likiwa na picha, na husomwa pia kwa kipaza sauti cha msikitini au kanisani. Chombo kimebadilika, lakini mafungu ni yale yale. Nikahitimisha kwamba tanzia ni fani iliyoganda.

Nadharia niliichukua kwa M. M. Mulokozi, katika makala yake ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka Mulika namba 21 mwaka 1989. Humo anatufundisha kuiona fasihi simulizi kuwa ni tukio, lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Nilivitaja vyote sita. Fanani nikampata, mahali nikapataja, wakati nikauandika kwa tarehe. Penye hadhira niliandika sentensi moja tu, kwamba "hadhira ni jamii kwa ujumla". Mhadhiri hakuipigia mstari sentensi hiyo. Naipigia mstari mimi leo.

Kwani orodha ya wanaopelekewa habari haisemi "jamii kwa ujumla". Husema habari ziwafikie baba mdogo Mkuranga, shangazi Tandika, binamu Kibiti, na kadhalika, kila mtu na mahali pake. Kisha huishia hivi: "na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo." Maneno haya mawili, "popote walipo", niliyaita katika kazi yangu "kibwagizo cha kimazoea kisichokuwa na maana ya pekee". Maneno hayo nayafuta.

Siku ya kutambua

Nilihamia Kariakoo kutoka Songea nikiwa darasa la nne, nikafikia kwa shangazi. Darasani lafudhi yangu ilikuwa kichekesho. Mwalimu akinisimamisha nisome kwa sauti, darasa zima lilisubiri nikosee ili lipate la kuchezea hadi saa ya kutoka. Kijana niliyepangwa naye dawati moja alikuwa mwenyeji, yaani amekuja miaka miwili kabla yangu, kutoka upande wa Mkuranga. Kila niliposimama, yeye alisoma chini chini, neno moja mbele yangu, nami nikalifuata. Hakuna aliyemwagiza. Hakuwahi kunitania juu ya jambo lile, wala mimi sikuwahi kumshukuru. Leo nasomea fasihi chuo kikuu, na kusoma kwa sauti bila woga nilifundishwa na mtoto mwenzangu.

Jioni aliuza mifuko, ile ya rambo, kwa wanunuzi waliotoka sokoni mikono imejaa. Alikuwa akiishi kwa mjomba wake, na mjomba ndiye aliyemwandikisha shule kwa jina lake yeye mjomba. Wengi walisoma hivyo na wanajua. Sisi wanafunzi hata hilo la rejesta hatukulitumia. Tulikuwa na jina letu la utani.

Tulifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2015. Tulifaulu wote wawili. Mwaka 2016 ulikuwa wa kwanza wa kutolipa ada katika shule za serikali za sekondari, na shangazi aliona kwamba tuna bahati. Lakini ada ikifutwa, nauli haifutwi, wala sare, wala mdomo wa kulishwa jioni. Mimi nilikwenda, yeye alibaki na mifuko. Mara ya mwisho kuonana naye nilikuwa kidato cha tatu, mwaka 2018. Alinipa mfuko bure, akanisindikiza hadi Mtaa wa Uhuru.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa kusikika. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, nikasikia amehamia kwenye kubeba mizigo. Julai 2021 soko liliungua. Oktoba mwaka huo huo machinga waliondolewa mitaani, kila mmoja akatafuta pa kushika. Nikasikia yuko Mchikichi tena, na mifuko ile mipya ya kitambaa laini. Kisha nikaacha kusikia, au niseme ukweli, nikaacha kuuliza. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka kwenye makutano ya Mchikichi na Kongo, likaua watu zaidi ya 20, nilimpigia shangazi, nikauliza habari za jirani, za mpangaji, hata za fundi cherehani. Yeye hakunijia akilini, ingawa pale ndipo mahali pake pa kazi.

Mwezi Agosti 2025 shangazi alinituma sokoni. Nilishuka mwendokasi Msimbazi, nikakata mitaa hadi Mchikichi, nikanunua mfuko kwa kijana mmoja. Nikaona nimuulize.

"Yule jamaa yenu mrefu yuko wapi siku hizi?" Nikamtaja kwa jina letu la shuleni, na kumbe sokoni nako jina lilimfuata.

"Yule? Kaka, mbona yule tulishamzika. Tangu mwezi wa Ramadhani."

Sikujibu. Akanitazama.

"Tangazo si lilizunguka? We hukulipata?"

Akafungua simu yake, akalitafuta, akanipa nisome. Mstari wa kwanza tu niliujua. Niliujua kwa sababu nilikuwa nimeuchambua. Jina la marehemu lilikuwa la baba yake mzazi, ukoo wa Mkuranga, jina ambalo sikuwahi kulisikia likiitwa mbele yake. Kwenye kazi yangu niliutolea mfano mstari huo, kuonesha jinsi tanzia inavyotanguliza nasaba.

"Aliumwa nini?"

"Homa tu. Siku nne hazikufika."

Ndiyo "kuugua kwa muda mfupi" huko. Niliandika kwamba maneno hayo ni ya kuficha sababu. Hapa hayakuficha kitu. Yalikuwa ni hesabu sahihi.

Jioni nilimwuliza shangazi kwa nini hakuniambia. Hakumjua kwa jina lile naye, na picha haikuwapo. "Mimi hutuma tu, baba," akasema. "Msiba huwezi kujua ni wa nani mpaka umfikie mwenyewe." Nililala na maneno hayo. Shangazi, ambaye hajawahi kusikia habari za Mulokozi, alikuwa ameielewa hadhira ya tanzia kuliko mimi.

Mwanafunzi mwenza katika vitabu vyetu

Niliporudi chuoni nilifanya alichokizoea mwanafunzi wa fasihi akipatwa: nilikwenda maktaba. Nilitaka kuona waandishi wetu wamemweka wapi mtu wa aina hii, mwenzako wa shule aliyepotea ukaja kusikia amekufa.

Mashairi ya maombolezo tunayo, na mazuri. Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina. Alipofariki Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999, washairi wa nchi nzima walimwomboleza. Mke, mzazi, kiongozi, mwalimu: hao wana mahali pao. Mwanafunzi mwenza hana cheo katika ukoo wala katika taifa, na nadhani ndiyo maana katika vitabu nilivyovisoma sikumwona akililiwa kwa shairi lake mwenyewe. Shaaban Robert huyo huyo alisoma hapa Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akawa wa pili kati ya watahiniwa 11 wa mwaka wake. Mara ngapi tumeisoma habari hiyo tukamfurahia wa pili, tusiulize hata siku moja wale wengine kumi waliishia wapi?

Katika hadithi na tamthilia hali ni tofauti kidogo, maana humo wanafunzi hufa. Katika Kilio Chetu, tamthilia ya miaka ya 1990 iliyotolewa na Medical Aid Foundation, Joti anakufa kwa Ukimwi akiwa kijana wa rika la wasomaji wake. Katika Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, ya mwaka 2002, Zita na kaka yake Peter wanatolewa shule kwa umaskini, wanaangukia jalalani kutafuta riziki, na Zita anakufa. Hiyo ni Dar es Salaam yetu kabisa. Zita angeweza kukaa dawati la mbele yangu.

Sasa, ndugu msomaji, kumbuka tulivisomaje vitabu hivi sekondari. Tulijaza jedwali. Mhusika, sifa zake, anawakilisha nani, tunajifunza nini. Zita: ni mtiifu, ni mchapakazi, anawakilisha watoto maskini wa mijini. Joti: ni mhuni, anawakilisha vijana wasiojali. Kifo chake kinatufundisha tuache tabia mbaya. Alama nne. Hakuna aliyetuuliza siku iliyofuata darasani kulikuwaje, nani alihamia kwenye nafasi iliyobaki wazi, nani alibaki na kalamu aliyoazimwa. Sisemi kwamba waandishi hawakuona. Wametuandikia kifo cha mtoto. Sisi tulikipokea kama jibu la mtihani.

Kitabu kilichonikatalia kusoma namna hiyo ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anakutana tena na Manase waliyekua pamoja, ambaye sasa ana cheo. Huyo Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kwa jicho la falsafa, wakaona humo udhanaishi na upuuzi wa maisha, na mwishoni Kazimoto kujiua. Sipingi. Ila safari hii niliona jambo jingine. Kezilahabi amempa usimulizi msomi mwenyewe. Anayesimulia vifo si mtu aliyesimama pembeni akatoa funzo. Ni mtu anayehusika, ambaye elimu yake imemfanya aone kila kitu na isimsaidie kumfikia yeyote. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba Kazimoto "anawakilisha wasomi waliotengwa na jamii". Niliandika hivyo kwa raha kabisa, kana kwamba wasomi hao ni watu wa Ukerewe tu.

"Anawakilisha nani?"

Hapa ndipo penye hoja yangu. Swali la "mhusika huyu anawakilisha nani?" limetusaidia sana. Lilitokana na mapambano ya kweli, wakati wahakiki wa nchi hii walipotaka fasihi isimame na wakulima na wafanyakazi badala ya kuwa pambo la wachache. Bila swali hilo, muuza mifuko asingeingia kitabuni kabisa. Lakini swali zuri likiulizwa kwa mazoea huwa kisu butu. Tukilitanguliza mbele ya maswali yote, tunamkimbia mtu kwa kumwendea kundi lake. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Ukimfanya marehemu kuwa "wengi", umeshaanza kusherehekea.

Nakiri kwamba jioni ile ile ya Agosti, nikiwa bado nimeshika mfuko mkononi, akili yangu ilianza kuandika: kijana huyu anawakilisha wahitimu wa darasa la saba waliofaulu wakashindwa kuendelea, anawakilisha sekta isiyo rasmi, anawakilisha mgongano wa kijiji na mji. Yote ni kweli. Na yote yangekuwa kweli hata kama nisingekaa naye hata siku moja. Kuna jambo moja tu ambalo halimwakilishi mtu mwingine: alinisomea chini chini, neno moja mbele. Uhakiki wangu haukuwa na safu ya kuliandika hilo.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea rasimu hii alinipinga vikali. "Wewe unachanganya msiba na uhakiki," akasema. "Zita hakuwahi kuzaliwa. Huwezi kumdai mhakiki amlilie mtu wa karatasi. Tukiacha uwakilishi tutarudi kwenye kusifia hisia, na maskini watabaki kuwa maskini." Pingamizi hili ni zito na silikwepi. Kweli, Zita ni wa karatasi. Lakini mazoea ya kusoma hayajui mpaka wa karatasi. Mtu aliyezoezwa kwa miaka kumi kukiona kifo cha kijana kuwa ni funzo, atakapoletewa kifo cha kweli kwenye simu atakisoma vile vile. Nimeshafanya hivyo, na ushahidi wangu una namba: 14. Sisemi tuache kuuliza mhusika anawakilisha nani. Nasema swali la kwanza liwe lile la mtaani, "ya nani?", na lile la ukumbini lifuate.

Tena kuna jambo ambalo tanzia inatushinda wahakiki. Fani nyingi hutaka hadhira ielewe. Tanzia hutaka hadhira itende: iende, ibebe jeneza, ishike jembe, itoe rambirambi, au angalau impelekee mwingine habari. Kwa kuwa mtoa tangazo hajui waliokuwa karibu na marehemu ni akina nani wote, huacha mlango mmoja wazi mwishoni. "Popote walipo" si kibwagizo. Ni mahali pa watu ambao ukoo hauwajui: wa dawati moja, wa mkokoteni mmoja, wa chumba kimoja cha kupanga. Mahali pangu palikuwa pameandikwa. Nilipasoma, nikapachambua, nikapapita.

Daftari la michango

Kijana yule wa mifuko aliniambia kwamba mwenzao mmoja, mbeba mizigo, ndiye aliyeshika daftari la michango. Nilimfuata siku ya pili, nyuma ya soko. Alilitoa kwenye mkoba, daftari la mistari la kurasa arobaini na nane, limekunjwa katikati. Juu ya ukurasa kaandika "Msiba wa" halafu jina letu la utani, lile la darasa la nne, kwa herufi kubwa. Chini yake majina na fedha: elfu mbili, elfu moja, mia tano. Majina yenyewe ni kama lile la juu, majina ya sokoni. Mmoja kaandikwa kwa anachouza, mwingine kwa kabila lake, na yuko mama anayepika chakula pembeni mwa soko, aliyeandikwa kuwa ametoa "wali wa matanga".

Hii nayo ni matini, na inastahili kusomwa sambamba na tanzia. Tanzia imemrudisha marehemu kwa baba yake na ukoo wake Mkuranga, na ilipaswa kufanya hivyo, kwani huko ndiko alikozikwa. Daftari limembakiza Kariakoo, kwa jina aliloitikia. Tanzia hutaja walio hai kwa nasaba, daftari huwataja kwa walichotoa. Ukiwa na moja tu ya hizo mbili, mtu humpati. Mimi nilikuwa na tanzia bila daftari. Wao walikuwa na vyote viwili, maana hata tangazo walikuwa nalo kwenye simu zao.

Nikamwomba anipokelee rambirambi, ingawa arobaini ilikuwa imekwisha kupita. Hakushangaa. Akasema fedha itakwenda kwa mama Mkuranga pamoja na nyingine, kwamba watu bado wanaleta kwa sababu wengine ndiyo kwanza wanasikia. Akafungua ukurasa.

"Nikuandike nani?"

Nikamtajia majina yangu yote matatu, kama niandikavyo kwenye karatasi ya mtihani. Akaandika la kwanza tu. Kisha akafikiri.

"Wewe ulikuwa naye wapi?"

"Shule. Dawati moja."

Akaandika pembeni: "wa shule". Nilikuwa wa kwanza kuandikwa hivyo.

Hitimisho

Kutokana na hayo, napenda kupendekeza mambo machache kwa wanafunzi wenzangu na, kwa heshima, kwa walimu wetu.

Kwanza, tanzia ihesabiwe kuwa fani kamili ya fasihi ya Kiswahili ya leo, wala isionekane kuwa ni tangazo tu. Ina kanuni, ina historia ya redio na ya simu, na ina hadhira yenye wajibu. Lakini atakayeikusanya asiishie kwenye simu ya shangazi. Aende alikotoka marehemu na alikofanya kazi, aulize aliitwaje.

Pili, tunapomhakiki mhusika anayekufa, tujaribu kueleza kwanza nani katika kitabu anabaki na pengo lake, na pengo hilo lina umbo gani, kabla ya kueleza anawakilisha tabaka lipi. Naamini vitabu vyetu vitajibu vizuri kuliko tunavyodhani. Watoto wa Mama Ntilie nimeanza kukisoma upya kwa namna hiyo, na tayari si kitabu kile nilichokifanyia mtihani.

Tatu, kazi yangu ya semina nimemwomba mhadhiri aniruhusu niiandike upya. Amesema alama zimekwisha kuingizwa na hazibadiliki, ila nikiandika atasoma. Sehemu ya hadhira itakuwa ndefu safari hii. Tanzia namba 14 nimeiondolea namba.

Najua wapo watakaosema kwamba nimeleta matanga kwenye uwanja wa taaluma. Nawakaribisha wanikosoe katika toleo lijalo. Ninachowaomba ni kwamba kabla hawajaandika wafungue simu zao, wasome upya matangazo waliyoyapita mwaka huu, hadi mstari wa mwisho.